Mlango wa Pili wa Whitlock

Motaleb hakungoja sentensi iishe. Binti yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, akisoma kwa sauti ujumbe uliotoka idara ya elimu ya jiji: "Tunafurahi kukujulisha kwamba umepata nafasi katika Shule ya Sekondari ya Whitlock, endapo..." Kwenye neno "Whitlock" baba mtu alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Kwenye "endapo" alikuwa ndani ya lifti.

Wanaomjua Motaleb hawakushangaa. Ni mtu aliyeajiriwa na jiji kuandikia faini magari yaliyoegeshwa vibaya, kazi ambayo ukiifanya vizuri unatukanwa kwa lugha zote za dunia kabla ya chakula cha mchana. Furaha haimpitii kila siku. Ikipita, anaikimbilia kama gari ambalo dereva wake ameshawasha injini.

Alirudi na maboksi yamepangana mpaka kidevuni: ile mipira laini ya maziwa inayoelea kwenye shira, ambayo sisi Wabangali wa mtaa wa Parkchester tunaamini kwamba bila hiyo habari njema haijawa habari, bado ni uvumi. Mtoto akifaulu, jirani lazima alambe vidole. Motaleb alianza ghorofa ya juu akashuka nayo, mlango kwa mlango, akiwa na sare yake ya kazi, na watu waliomwona kwa tundu la mlangoni walifikiri faini sasa zinaletwa nyumbani.

Alipoingia ndani mikono ilikuwa mitupu na vidole vinanata.

"Baba," binti akasema. Jina lake la shule ni Nuzhat, lakini nyumbani ni Tuni. "Hukusikia mwisho. Kuna 'endapo'."

"Endapo nini?"

"Endapo nitasoma hesabu pale shuleni kiangazi chote, na nikafaulu mtihani wao wa mwisho. Alama zangu hazikufika, Baba. Nimepita kwenye ule mpango mpya."

Motaleb akakaa. Akakalia kofia yake.

Whitlock huingiwa kwa mtihani, na jiji zima linaigombea. Mpango mpya ulikuwa hivi: mtoto aliyekaribia alama za kuingia Whitlock, na ambaye ametoka kwenye shule ambayo jiji lenyewe limekiri ni dhaifu, anapewa nafasi ya pili. Asome kiangazi, afaulu, aingie. Viti vyenyewe havikuongezwa. Vilimegwa kwenye vile vile vya mtihani. Mtaani kwetu tuliupa jina, mlango wa nyuma, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko Motaleb. Alikuwa hata na fulana ya kuupinga.

Mkewe, Kohinoor, alitoka jikoni akiwa na mwiko. "Umegawa mpaka ghorofa gani?"

"Zote."

"Na kwa Rokeya?"

"Kwa Rokeya nilianzia."

"Basi," Kohinoor akasema, akarudi jikoni. "Hamia Kanada."

*

Rokeya, jirani wa ghorofa ya juu, aliwahi kuja kesho yake kwa ajili ya chai, na huyu dada akija kwa ajili ya chai ujue chai ndiyo kitu cha mwisho anachokitaka. Binti yake Mahi ni rika moja na Tuni, ila alisoma shule ya kati iliyo ng'ambo ya barabara kuu, ambako walimu wanadumu. Mahi alikuwa amefanya mtihani wa Whitlock baada ya tuisheni ya miaka, Jumamosi na Jumapili, mvua na theluji. Amekosa kwa alama za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Hongera, kaka Motaleb. Nimekula, nimeshukuru. Sasa alipata ngapi?"

"Mwenyezi Mungu ametujalia, dada. Za kutosha."

"Za kutosha ni ngapi? Mahi wangu kapiga tuisheni mpaka macho yamekuwa kama ya mlevi, Mungu anisamehe. Tuni hata tuisheni hakwenda. Mnamlisha nini huyu?"

"Dengu," Kohinoor akasema.

"Mahi naye anakula dengu! Nilimwambia jana: ona aibu wewe, mtoto wa mwandika faini amekupita, na kwa ajili yako tumeuza mpaka bangili." Akamgeukia Tuni kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Njoo nikubusu, mwanangu. Mtie Mahi wangu japo robo ya akili yako."

Tuni akabusiwa. Alimwangalia baba yake juu ya bega la Rokeya. Ilikuwa zamu ya Motaleb kusema. Motaleb akanywa chai ya moto kupita kiasi, ikamuunguza, akawa na sababu ya kunyamaza.

Jioni hiyo akapigiwa simu na Mzee Dewan, mwenye kituo cha tuisheni. Kutakuwa na mkutano wa wazazi ukumbini chini ya msikiti kuupinga mpango mpya. Mtu wa idara ya elimu atakuwepo kusikiliza. Wanataka msemaji. Wanataka mzazi ambaye mtoto wake ameingia kwa jasho, halafu awe na sauti.

"Sauti ninayo," Motaleb akasema. Hilo lilikuwa kweli. Yaliyobaki aliyameza.

*

Mwalimu wa darasa la kiangazi aliitwa Bi Petrosyan, mama mfupi, miwani kwenye kamba, asiyecheka ila akiona jibu zuri. Siku ya kwanza aliandika mlinganyo ubaoni akasema: tafuteni eksi. Wanafunzi wakainama. Tuni naye akainama, lakini yeye alikuwa anatazama viatu.

Si kwamba ni mvivu. Mwaka wake wa mwisho shule ya kati, mwalimu wao wa hesabu alikwenda kujifungua na hakurudi. Wakaletewa wa kushikilia, mmoja baada ya mwingine. Yule wa mwisho alikuwa mwalimu wa michezo, mtu mwema kabisa, ambaye kila kipindi cha aljebra aliwaonyesha filamu za pengwini. Mpaka leo muulize Tuni pengwini dume analala vipi na yai, atakueleza. Muulize namba hasi ukizidisha na hasi inakuwaje, atakuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jaribio la kwanza lilipotoka, Bi Petrosyan alimwita mzazi. Motaleb alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alipoingia uani na sare yake, walimu watatu waliokuwa wakila mkate waliinuka kwa pamoja wakatoka mbio na funguo mkononi.

"Hili ni jambo la baraka," Bi Petrosyan akasema akiwatazama dirishani. "Yule mrefu huwa ananizibia gari kila siku. Kaa, bwana."

Motaleb akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Tuni alisimama pembeni.

"Binti yako hana upungufu wa akili. Ana upungufu wa mwaka mzima. Wenzake hapa wanajenga ghorofa, yeye hajapewa matofali. Nikimpitisha hivi, mwezi wa kumi atakuwa analia vyooni, na kabla ya baridi kwisha atakuwa ameondoka. Nimeshawaona."

Motaleb akapata nguvu ghafla. "Kwa hiyo hata wewe unaupinga mpango huu!"

"Mimi?" Akaivua miwani. "Mimi napinga jiji linalomnyima mtoto aljebra halafu linamtahini aljebra. Kuhusu huo mlango wenu, usiniulize. Siku nyingine nauona ni haki, siku nyingine nauona ni ukatili. Mimi nina chaki na kiangazi. Anaweza, lakini aje kila siku, asubuhi na mchana, na nyumbani awe na mahali pa kukaa na mtu wa kumtia moyo. Siku akikosa, amekwisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwalimu."

"Na yeye anataka?"

Wote wawili wakamtazama Tuni. "Nataka," Tuni akasema, na ilikuwa kweli kiasi kwamba masikio yalimwiva.

Kwa hiyo alikwenda kila siku. Bi Petrosyan alimrudisha kwenye sehemu, kwenye hasi, kwenye kuhamisha kitu upande wa pili wa mlinganyo bila kukiangusha njiani. Majirani walipomuuliza mbona kila asubuhi na mkoba, kiangazi hiki, baba yake aliwajibu: "Anawasaidia walimu."

*

Bafu la Motaleb lina mwangwi mzuri, na ndimo alimofanyia mazoezi ya hotuba. Jumamosi moja Tuni alikuwa barazani pa ndani akivua viatu, ametoka darasani alikofaulu jaribio kwa mara ya kwanza, karatasi bado mkononi, ndipo akasikia.

"Ndugu wazazi! Mlango wa mbele una mtihani! Anayepita mlango wa nyuma tunamwitaje? Tunamwita mwizi!" Maji yakafunguliwa, yakafungwa. "Tunamwita... mwizi!" Alikuwa akijaribu wapi apumue.

Tuni akagonga. "Baba."

Maji yakafunguliwa tena.

"Baba, mwizi ndiye mimi?"

Mlango ukafunguka. Motaleb alikuwa na povu nusu ya uso. "Mwanangu, mimi sikusema wewe. Nimesema mlango."

"Na nani kapita humo?" Kohinoor akauliza kutoka jikoni. Masikio ya huyu mama yangeweza kuajiriwa na serikali. "Paka?"

"Ni maneno ya mkutano tu! Watu wanataka kusikia neno zito!"

"Mimi najua unanionea haya," Tuni akasema. Hakupandisha sauti. "Shangazi Rokeya anamtukana Mahi kila siku kwa ajili yangu, nakutana naye kwenye lifti hata hanitazami. Nikishinda ni mwizi, nikishindwa ni mjinga. Sasa nasoma ili niwe yupi?"

Motaleb akafungua mdomo. Povu likaingia.

Jumatatu Tuni hakuamka. Jumanne vilevile. Alisema atakwenda sekondari ya mtaani, iko karibu, ina chakula kizuri. Bi Petrosyan akapiga simu. Kohinoor akamwambia mtoto anaumwa. "Anaumwa nini?" "Baba," Kohinoor akasema, na yule mwalimu, ambaye kwao pia kulikuwa na baba, akampa mpaka Alhamisi.

*

Mkutano ulikuwa Jumatano. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya radiata za kupashia ukumbi joto. Mzee Dewan alizungumza vizuri, na si kwamba alisema uongo: watoto waliosoma usiku na mchana, baba waliozungusha teksi zamu mbili, mama waliouza dhahabu. Je, jasho hilo haliheshimiwi? Yule kijana wa idara ya elimu aliandika. Kisha Dewan akamwita "ndugu yetu, ambaye binti yake ni ushahidi kwamba mtihani haumbagui mtu."

Motaleb akasimama mbele ya kipaza sauti. Akatoa karatasi yake. Akaitazama muda mrefu mpaka mtu wa nyuma akasema, "Ni faini hiyo, usisome!" na ukumbi ukacheka.

"Hapa nimeandika kwamba anayepita mlango wa nyuma ni mwizi," akasema. "Binti yangu amepita huo."

Kicheko kilikatika kama kilichokanyagwa.

"Alama zake hazikufika. Mimi nilisema za kutosha. Hazikutosha. Nami bado naupenda mtihani, Mzee Dewan, usininunie, fulana yangu ninayo. Lakini nataka kusema jambo la kazini kwangu. Mimi nimewaandikia faini wengi wenu humu."

"Mara tatu!" mtu akapiga kelele.

"Ulizistahili zote. Lakini barabara ikiwa haina kibao cha kukataza, siandiki. Hata kama gari limekaa vibaya, hata kama dereva ni wewe. Kwa sababu huwezi kumtoza mtu kwa kibao ambacho hakikuwekwa. Binti yangu ametozwa. Shuleni kwao hawakuweka. Waliweka pengwini."

Wengine walianza kutikisa kichwa kwa kukubali, na huenda Motaleb angeshuka pale akiwa shujaa, mambo yakaisha. Rokeya akasimama.

"Na wangu?" Hakuhitaji kipaza sauti. "Mahi alipata zaidi ya Tuni. Sivyo?"

"Ndivyo, dada."

"Hakupata kiti cha mbele kwa kuwa viti vimepunguzwa. Na mlango wa pili hakufunguliwa kwa kuwa shule yake ina walimu. Kosa lake ni kwamba nilimpeleka ng'ambo ya barabara. Na mwezi mzima, kaka Motaleb, mwezi mzima nimekuwa nikimwambia mwanangu ni mzembe, Tuni amempita. Mwanangu amekuwa akilia chooni ili nisimsikie. Umenisikia nikisema, ukanywa chai!"

Motaleb alishika mlingoti wa kipaza sauti kwa mikono miwili. Kijana wa idara aliacha kuandika.

"Dada Rokeya," akasema. "Kuhusu viti, sina jibu. Kuhusu chai, nimekosa."

Akashuka. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyemzomea. Watu walimpisha tu, kama wanavyompisha mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Nyumbani alimweleza Tuni kila kitu, amesimama mlangoni mwa chumba, hakuthubutu kuingia. Tuni alimsikiliza huku amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nani alikutuma?" hatimaye akauliza.

"Hakuna."

"Sasa jengo zima linajua sikufika alama."

"Linajua."

"Na Mahi?"

"Na Mahi."

Tuni akajifunika kichwa. Motaleb akazima taa.

*

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa kwa ngumi. Kohinoor alipofungua, Rokeya alipita kama upepo, bila salamu, akaenda mpaka chumbani, akavuta shuka.

"Inuka."

"Shangazi..."

"Usiniite shangazi, nimekasirika. Nimesikia umeacha darasa. Umeacha? Kiti ambacho mwanangu alistahili kukikalia, wewe umekipata, halafu unakiacha kipigwe na vumbi? Watampa Mahi ukikiacha?"

"Hapana, shangazi. Hawampi mtu."

"Basi kama umekikalia, kikalie vizuri! Nawe usisimame hapo kama mlingoti," akamwambia Motaleb aliyetokea na bukta ya kulalia na singlendi, "mtafutie mwanao viatu. Kohinoor, wifi, jioni akirudi aje kwangu. Meza yangu ni kubwa. Mahi anajua aljebra mpaka inamtoka puani, tuisheni nimelipa mimi, nataka nione faida yake mahali."

"Mahi amekubali?" Tuni akauliza.

"Mahi hajaulizwa."

Na kweli hakuwa ameulizwa. Jioni ya kwanza Mahi alikaa mwisho wa meza, akageuza kiti, akawa anamfundisha Tuni akiutazama ukuta. "Toa tatu pande zote. Pande zote, nimesema. Una pande ngapi wewe?" Jioni ya pili aligeuka kuitazama meza. Baada ya juma moja walikuwa wanagombana kwa sauti iliyofika ghorofa mbili chini, na Kohinoor, akisikia hivyo, alizima redio ili afaidi.

"Saba mara nane umeandika hamsini na nne!"

"Nilikuwa na njaa!"

"Njaa haibadilishi saba!"

Motaleb kila jioni alibeba chakula akakiacha mlangoni kwa Rokeya, akagonga, akaondoka upesi. Ilichukua siku nyingi kabla Rokeya hajamwambia aingie, na alipoingia hakupewa chai. Alipewa maji. Akayanywa yote, akashukuru.

Darasani Bi Petrosyan hakusema lolote kuhusu zile siku alizokosa. Alimwongezea tu kazi. Siku ya mtihani wa mwisho alipita kati ya madawati mikono nyuma, akasimama kwa Tuni muda mrefu kuliko alivyosimama kwa wengine, akaendelea. Matokeo yalipotoka alimwita kando.

"Umepita. Kwa nafasi nyembamba sana, usijidanganye. Mwezi wa kumi utalia."

"Nitalia, mwalimu."

"Ukilia, njoo ulilie darasani kwangu. Kuna ubao." Na hapo, kwa mara ya kwanza kiangazi chote, alicheka.

*

Tuni aliwapigia simu baba na mama kutoka barabarani. Baba alikuwa katikati ya kumwandikia mtu faini. Watu wanasema aliiandika hadi mwisho, kisha akampa yule dereva mkono wa heri, naye dereva akatukana zaidi.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja asiyefaa kuambiwa kwa simu. Rokeya alimwambia Tuni kwamba Mahi yuko chini, kwenye chumba cha mashine za kufulia. Tuni akashuka kwa ngazi, polepole, mkoba ukimgonga mgongoni.

Mahi alikuwa anahangaika peke yake na shuka la kitanda kikubwa, lile la wazazi wake. Alimwona Tuni, akaona uso wake.

"Umepita."

"Nimepita."

Mahi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakiki jibu alilokuwa ameshalipata. "Swali la pembetatu lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Nililipata. Kwa ile njia yako."

"Si njia yangu, ni njia ya watu wote." Shuka lilimponyoka ncha moja likagusa sakafu. "Mwakani wanachukua tena wachache, wa kuanzia kidato cha pili. Wachache sana. Nitafanya."

"Nitakusaidia."

"Wewe?"

"Nitakuletea chakula, basi."

Mahi karibu acheke, ikashindikana njiani. "Shika upande huo," akasema. "Peke yangu haliwezekani."

Tuni akatua mkoba, akazishika pembe mbili. Wakalinyoosha kati yao, mashine zikinguruma. Mahi akainua upande wake mpaka usoni, kama anayekagua doa, na akakaa hivyo, shuka limemficha uso wote, muda mrefu kuliko doa lolote linavyohitaji. Tuni hakuvuta. Alizishika pembe zake mbili, akangoja.

"Haya," Mahi akasema kutoka nyuma ya shuka. "Sasa vuta."